Presha kuka ya umeme kumaliza LUKU? Hapana dada

Dada uliyeuliza kama presha kuka itakumalizia umeme, hiyo wati 1000 uliyoiona kwenye boksi isikutishe. Mi nilikuwa na hofu hiyohiyo mpaka siku nimechemsha maharage nusu kilo nikasoma mita kabla na baada, haikufika hata nusu yuniti na wala sikuyaloweka. Iko hivi, inavuta wati zote pale mwanzo tu inapotafuta presha, ikishajaa inajizima inakuwa inawaka kidogokidogo, mvuke hautoki, pembeni imezibwa joto lisipotee, halafu maji ndani yanapita nyuzi 100 ndo maana kitu kinaiva chap. Lile jiko la koili moto mwingi unaishia kupasha ukuta jamani.

Ila chapati sahau, gesi utaihitaji tu. Ukienda kununua kagua mpira wa mfuniko na uulize kama spea ipo, wangu ulilegea nikazunguka Kariakoo nzima naonyesha picha kwenye simu. Na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba, chomeka ukutani moja kwa moja.