Kusafisha maganda ya risasi kabla ya kuyajaza upya: osha kwa maji

Nimeulizwa mara nyingi na wenzangu wa huku Texas, hasa vijana kutoka nyumbani walioanza kuwinda, nitumie nini ili maganda yangu ya risasi yang'ae. Huwa nawajibu kwamba mng'aro ni jambo la mwisho. Ganda jeusi lililosafishwa vizuri hufyatua sawa na lile linalometameta. Cha kuangalia ni mambo mawili: ganda liwe safi kiasi cha wewe kuliona lilivyo, na usafi huo usikuachie vumbi la sumu ndani ya nyumba. Hilo la pili ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu watu wanalipuuza sana.

Kwanza sheria, kwa ufupi. Hapa Marekani kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Kujaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji. Kama uko kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria inakukataza kumiliki silaha na risasi isipokuwa una sababu inayokubalika kisheria, kama leseni halali ya uwindaji. Uliza kabla hujanunua chochote. Na unayesoma ukiwa Tanzania au Kenya, usichukue haya kama ruhusa: huko silaha na risasi ziko chini ya leseni kali, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa sababu ya uhaba wa risasi wa 2020 na 2021, wakati rafu za maduka zilipobaki tupu na boksi moja la .308, saizi ya bunduki ya kuwindia, likawa la kugombewa. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki kwenye kitako (kile kikopo kidogo kinachowasha baruti kikigongwa), baruti ndani, na kichwa mdomoni. Ukifyatua, fataki imekwisha kazi, baruti imeungua, kichwa kimekwenda. Linalobaki ni ganda, na ganda zuri la bunduki ya kuwindia hujazwa tena na tena likitunzwa.

Kabla ya kuosha, panga. Pitisha sumaku juu ya rundo lote. Yanayonasa ni ya chuma, yatoe. Kisha tazama ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, hilo linajazwa kwa vifaa vya kawaida. Ukiona vitundu viwili pembeni, fataki yake ni ya aina ya Berdan, ambayo kijiti cha kawaida cha kusukumia fataki nje kupitia tundu hakiwezi kuitoa, na ukilazimisha utavunja kijiti. Weka kando. Maganda ya kijeshi, kama yale ya Lake City yenye alama ya msalaba ndani ya duara, mara nyingi fataki zake zimebanwa ukingoni na zinahitaji kazi ya ziada baadaye. Na hakikisha hakuna risasi nzima iliyojificha kwenye rundo. Katika maganda ya kuokota uwanja wa shabaha hilo hutokea, kwa hiyo pitia moja moja.

Sasa vumbi. Fataki nyingi zinazouzwa hadi leo zina kemikali ya madini ya risasi (yale Waingereza wayaitayo lead), pamoja na bariamu na antimoni. Ikilipuka, masizi yake hubaki ndani ya ganda, hasa kwenye kishimo cha fataki. Yale masizi ya kijivu unayoyaona kidoleni ukisugua mdomo wa ganda yana sumu hiyo. Njia ya zamani ya kusafisha, ambayo bado inapendwa kwa urahisi wake, ni mashine ya kutikisa iliyojazwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi. Unaiwasha, inanguruma saa mbili au tatu, unatoa maganda makavu yaliyong'aa. Nami sikatai kwamba yanang'aa. Lakini masizi yote yamehamia kwenye yale magunzi, na kila unapofungua kifuniko na kuchekecha, wingu linapanda usoni. Mtu anafanya hivyo jikoni, au gereji ambamo watoto huegesha baiskeli, halafu anakwenda kula.

Waliofuatilia habari za Owino Uhuru kule Mombasa, mtaa uliotiwa sumu na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanajua madini ya risasi hufanya nini mwilini mwa mtoto. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Mwaka 2021 wakala wa kudhibiti magonjwa wa Marekani, CDC, alishusha kiwango cha kuanza kufuatilia mtoto kutoka mikrogramu 5 hadi 3.5 kwa desilita moja ya damu. Hicho ni kiasi kidogo mno, na vumbi la sakafuni lililoshikwa na mikono ya mtoto anayetambaa linatosha kuleta shida. Kama una watoto na unajaza risasi, mwombe daktari awapime, nawe upimwe. Ni kipimo cha damu cha kawaida.

Kwa hiyo naosha kwa maji. Maji yanashika vumbi, basi. Ukilazimika kutumia magunzi, fanya nje ya nyumba, kifuniko kifungwe hadi vumbi litulie, vaa barakoa ya kuzuia chembe ndogo, tupia ndani vipande vya kitambaa chenye unyevu vinase vumbi, na magunzi yakishakuwa meusi yatupe bila kuyaonea huruma.

Utaratibu wangu ni huu. Natoa fataki kwanza, kwa kijiti kisichogusa kuta za ganda, ili masizi yasikwaruze ile kalibu ya kurudishia umbo. Fataki zilizotumika zinaingia kwenye chupa yenye kifuniko. Kuzitoa mapema kuna faida mbili: kishimo cha fataki kinaoshwa, na maji yanapata njia ya kutokea wakati wa kukausha. Kisha maganda yanaingia kwenye pipa dogo la kuzungushwa na mota, na maji ya uvuguvugu yanayoyafunika. Naongeza kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na asidi ya sitriki, ule unga mweupe wa watengenezaji wa jemu. Hapo wengi huzidisha. Kwa galoni moja ya maji robo kijiko cha chai inatosha. Kipimo cha mkato ni kujaza ganda moja la bastola ya 9mm na kulimimina.

Asidi hii hufanya kazi ileile iliyofanywa na ndimu kwenye masinia ya shaba ya bibi zetu pwani: inayeyusha ule utando wa kahawia. Ila sinia halifungi baruti. Shaba ya ganda ni mchanganyiko wa asilimia 70 ya shaba nyekundu na 30 ya zinki, na ukiiacha kwenye asidi kali au kwa muda mrefu, zinki inaanza kutoka juu na ganda linageuka rangi ya waridi. Waridi kidogo iliyofutika kwa kusugua haina neno. Waridi iliyoingia ndani, tupa ganda. Kwa sababu hiyo siki na chumvi, ambavyo watu hupendekezana sana, mimi sivitumii kabisa.

Na amonia isikaribie. Dawa nyingi za kung'arishia shaba, zile ambazo maaskari wa gwaride wanazijua kwa vifungo na mikanda, huwa na amonia. Kwenye kifungo haina madhara makubwa. Kwenye ganda inapasua. Waingereza waliliona hilo India, ambako maganda ya risasi yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika yalikutwa yamepasuka yenyewe, bila kufyatuliwa. Chanzo kilielezwa vizuri mwaka 1921: mkojo wa farasi hutoa amonia, unyevu wa masika unaisaidia, na ganda lililotengenezwa kwa kuvutwa likiwa baridi linabaki na mkazo ndani yake. Vitu hivyo vitatu vikikutana, ufa unaanza. Ganda lako linakutana na mkazo mkubwa kuliko huo kila unapofyatua; .308 inaruhusiwa kufika pauni 62,000 kwa inchi ya mraba, sentimita chache kutoka shavuni mwako. Soma lebo. Ukinusa ile harufu inayochoma pua, rudisha chupa rafuni.

Kuhusu pini za chuma kisichoshika kutu zinazowekwa ndani ya pipa kusugua: zinasafisha ajabu, hadi kishimo cha fataki kinatoka kama hakijawahi kutumika. Kwa bastola zinafaa. Kwa bunduki za kuwindia nimeziacha. Zinaondoa hata ule utando mwembamba wa masizi ndani ya shingo, ambao husaidia kichwa kuteleza kikiingia. Shingo ikiwa kavu kabisa, shaba inasuguana na shaba na kichwa kinashikwa kwa nguvu zisizolingana ganda hadi ganda. Zikizunguka saa nyingi, maganda hugongana na midomo inavimba ukingo. Na pini mbili zikibanana kwenye shingo nyembamba ya .223 huwezi kuziona kwa haraka. Ukizitumia, tumia sumaku, kisha tochi, kisha hesabu pini ukiweza. Mimi maji, sabuni, asidi kidogo, saa moja hivi, yatosha. Ndani hubaki na weusi kidogo na haunisumbui.

Suuza mara kadhaa hadi maji yawe maangavu na povu liishe. Maji machafu yana madini ya risasi, kwa hiyo yasimwagwe kwenye bustani ya sukumawiki nyuma ya nyumba, na beseni lisiwe la jikoni. Nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa kitu kingine, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Kukausha kunahitaji subira. Yamimine kwenye taulo nene, shika ncha mbili, mwenzako ashike nyingine mbili, yabingirisheni huku na huku. Kisha yatandaze juani. Jua la Texas mwezi wa Julai humaliza kazi kabla ya magharibi. Wakati wa baridi natumia mashine ya kukaushia matunda, iliyotengwa kwa kazi hii tu na haitakaa iguse embe. Oveni ya chakula siipendi kwa sababu ya ile sumu. Zaidi ya hayo, moto ukizidi unalainisha shaba, na kitako cha ganda kikilainika hakiwezi kuhimili shinikizo. Nyuzi 90 za Selsiasi ndio mwisho wangu. Tone moja la maji likibaki ndani linaharibu baruti, na utalijua siku ambayo risasi inakataa mbele ya mnyama.

Likishakauka, sasa ndipo unalisoma. Lizungushe polepole kwenye mwanga wa pembeni. Tazama shingo, ufa huanzia mdomoni kama unywele na kushuka. Tazama juu kidogo ya kitako, kama sentimita moja hivi: mstari mwangavu unaozunguka ganda ni dalili kwamba ukuta umekonda na ganda linataka kukatika vipande viwili. Chukua waya mwembamba, pinda ncha yake kidogo, uingize mdomoni na uuburute ndani ya ukuta kutoka chini kuja juu. Ncha ikidondokea kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha, liponde kwa koleo ili lisirudi kwenye rundo. Ukiona rangi ya bluu na kahawia kuzunguka shingo na bega la ganda jipya, hiyo ni alama ya moto wa kiwandani, usihangaike kuisugua.

Baada ya kulipaka mafuta na kulipitisha kwenye kalibu, lioshe tena kwa muda mfupi kutoa mafuta, au lifute kwa kitambaa. Mafuta yakibaki ganda halishiki kuta za chumba cha bunduki wakati wa kufyatua, na nguvu yote inarudi nyuma kwenye kitasa, kile chuma kinachofunga chumba kwa nyuma. Kisha kopo lenye kifuniko, na karatasi inayoonyesha aina, kiwanda na ni mara ngapi yamefyatuliwa.

Na ndugu yangu unayekwenda likizo nyumbani Desemba: begi ulilotumia kuwindia lisiwe la safari. Ganda tupu lililosahaulika kwenye mfuko wa pembeni linaweza kukugharimu maswali ya saa nzima uwanja wa ndege, Nairobi au Dar, au mabaya kuliko hayo. Geuza mifuko yote, likung'ute, au azima begi lingine kabisa.