Maswali na majibu: nguzo, waya na nyavu za mimea inayotambaa

Mvua zikikaribia, maswali ya vichanja huja kwa wingi. Leo nimechukua matano.

*Bwana shamba, habari za kazi. Nina robo eka ya pasheni hapa Morogoro, miche imefika magotini. Fundi anasema nguzo za mita 2 zinatosha, na waya wowote utafaa. Ni kweli?*

Si kweli, na hasara yake hutaiona msimu huu. Pasheni changa haina uzito. Ngoja ijae matunda, ilowe mvua, halafu upepo uipige: hapo ndipo vichanja vingi hulala chini, na huwezi kuvisimamisha bila kuvunja matawi.

Tafuta nguzo za mita 2.5 hadi 3. Fukia sentimita 60 au zaidi, ili waya ukae karibu mita 2 kutoka ardhini, mahali ambapo mkono wako unafika wakati wa kupogoa. Kati ya nguzo na nguzo acha mita 5 au 6. Waya uwe wa geji 14, wenye unene wa milimita 2 hivi. Ule wa kufungia nondo uachie mafundi ujenzi. Ni laini, hulegea na kushika kutu upesi.

Usibanie pesa kwenye nguzo za mwisho wa mstari, maana ndizo zinazovutwa na mzigo wote. Zifukie zaidi ya nyingine, zilaze kidogo kuelekea nje, kisha uziegemeze mhimili kwa upande wa ndani. Ukikosa mti wa mhimili, funga waya kutoka kichwani mwa nguzo hadi kwenye jiwe kubwa ulilozika nje ya mstari.

Kila mche uupandishe kwa kamba ya katani, shina moja tu, ukiondoa machipukizi ya pembeni. Likifika kwenye waya likate ncha, litoe matawi mawili: moja lielekee kushoto, jingine kulia. Matawi yatakayoning'inia kutoka hapo ndiyo yatakayozaa. Yachambue mara kwa mara, kwani vile vikono vinavyojisokota huyafunga pamoja mpaka hewa na mwanga havipiti, na magonjwa yakapata makao. Simamisha nguzo sasa, kabla mizizi haijatanda.

*Niko Kibaha. Kila mwaka mchwa wananimalizia nguzo. Jirani ananishauri nipake oili chafu.*

Jirani ana nia njema, lakini hiyo oili itaingia kwenye udongo unaokulisha. Kama mfuko unaruhusu, nunua mikaratusi iliyotiwa dawa kiwandani, kama zile nguzo za umeme. Ukilazimika kuipunguza urefu, upande uliokatwa ukae juu. Ukiuzika umewafungulia mchwa mlango, kwa sababu dawa haikufika katikati ya mti. Njia nyingine ni kusimika kipande cha bomba la chuma kwenye zege na kufunga mti juu yake kwa bolti, usiguse udongo kabisa. Boriti za mikoko ni imara, ila misitu hiyo ni hifadhi na kuikata kunahitaji kibali. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela.

*Shikamoo mzee. Huku Karagwe tunalima maharage ya kutambaa, lakini miti ya kuegemeza imekuwa ghali. Tufanyeje?*

Marahaba mwanangu. Chomeka mti mmoja mnene kila baada ya mita kadhaa, pitisha waya au kamba imara juu na nyingine chini, kisha shusha nyuzi za katani kwa kila shina. Katani huoza baada ya msimu, na maharage nayo yanakuwa yameshavunwa. Matete makavu pia hufaa, mradi yawe marefu kuliko mtu. Yakiwa mafupi, maharage hufika kileleni, hujikunja na kurundikana.

Mnapoyaelekeza, angalieni upande. Maharage hujizungusha kinyume cha mshale wa saa ukiyatazama kwa juu. Ukiyazungusha upande mwingine, yatajifungua yenyewe.

*Je, nyavu chakavu za wavuvi zinafaa kwa matango na karela? Huku Bagamoyo ziko nyingi.*

Jarife, ule wavu wa matundu makubwa, ndiyo; wavu wa dagaa hapana. Tundu lipitishe ngumi, la sivyo tunda hunasia ndani likiwa dogo na kukulia humo humo likiwa limenyongwa. Usiache wavu ukiburuta chini. Mijusi na nyoka hukwama na kufia hapo. Baada ya mavuno utakuwa na kibarua cha kuchomoa majani makavu kwa mkono, maana nailoni hiyo si ya kuchomwa moto.

*Pilipili manga Muheza: nguzo ya zege au mti?*

Mti ulio hai. Pilipili manga hupanda kwa kung'ang'ania na vijizizi vyake, na hupenda kivuli chepesi. Zege hutumika Vietnam, lakini lina gharama na huchemka juani. Chomeka vipande vya matawi ya mti wa gliricidia mapema, vikishika mizizi ndipo upande miche yako, na uwe unapogoa matawi kivuli kikizidi.