Maswali Yenu: Conrad, Mto Kongo na Watu Waliokuwapo

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu Heart of Darkness ya Joseph Conrad, ile riwaya fupi ya Marlow anayepanda mto kwa stima kumfuata Kurtz, wakala wa pembe za ndovu aliyejigeuza mungu huko porini. Nimechagua zenye la kujibiwa, na mbili tatu ambazo nimechoka kuzipokea.

Shikamoo mwalimu. Naomba muhtasari wa kitabu, nina mtihani Ijumaa. (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Muhtasari sitoi. Kitabu ni kifupi, jioni mbili zinatosha. Ukimeza muhtasari wa mtu mwingine utaandika yale yale waliyoandika wenzako darasa zima, na msahihishaji atajua. Nikuonye jambo moja tu: anayesimulia si Conrad. Kuna msimulizi asiye na jina, amekaa kwenye mashua iitwayo Nellie katika mto Thames, naye anatupa alichokisikia kwa Marlow. Ukiandika "Conrad anasema" kila mstari, umeshaharibu jibu.

Mto wenyewe ni upi? Mwenzangu anabisha kuwa ni Nile. (Msomaji, Mwanza)

Ni Kongo. Conrad hakuutaja kwa jina, lakini aliupanda mwenyewe mwaka 1890 kwa stima iitwayo Roi des Belges. Mwambie mwenzako akubali yaishe.

Conrad alikwenda kwenye koloni la Ubelgiji, sivyo? (Msomaji, Dodoma)

Sivyo, na kosa hili linarudiwa hata na watu wenye shahada. Kuanzia 1885 mpaka 1908 nchi ile ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ambaye hakuwahi hata siku moja kukanyaga ardhi yake. Ubelgiji kama dola iliichukua 1908, baada ya kelele za miaka mingi. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu mwenye mali alitunga sheria mwenyewe, akaajiri jeshi mwenyewe na faida akaitia mfukoni mwenyewe. Ukiandika "koloni la Ubelgiji" unamfichia jina mwenye mzigo.

Je, Kurtz alikuwa mtu wa kweli? (Wasomaji kadhaa)

Kila mwaka swali hili. Georges-Antoine Klein, wakala wa kampuni pale Stanley Falls, kituo cha juu mtoni, alipakiwa mgonjwa kwenye Roi des Belges, akafia njiani Septemba 1890 stima ikishuka mto. Kifo cha Kurtz kimetoka hapo. Ukatili wake umetoka kwingine. Wengi humtaja Léon Rom, ofisa wa Kibelgiji aliyeripotiwa kupamba bustani yake ya maua kwa vichwa 21 vya watu. Katika riwaya, Marlow anaitazama nyumba ya Kurtz kwa darubini, anadhani nguzo zile zimewekewa mapambo ya mviringo, kumbe ni vichwa vilivyokauka, na vyote isipokuwa kimoja vimegeuziwa nyumba.

Lakini mimi msako huu wa Kurtz halisi siupendi. Ukishampata mwendawazimu mmoja, kampuni nzima inapona: mhasibu na kola zake safi, meneja, wenye hisa walioko Ulaya. Kitabu chenyewe kinasema kwamba Ulaya nzima ilichangia kumtengeneza Kurtz. Someni hapo kwanza.

Kwa nini hakuna mikono iliyokatwa kwenye kitabu? Conrad alificha? (Mwanafunzi wa chuo, Nairobi)

Angalia miaka. Conrad alifika mji wa Boma, Kongo, Juni 1890, na mwisho wa mwaka huohuo alikuwa anaondoka, hoi kwa homa na kuhara. Wakati ule mali iliyotafutwa ilikuwa pembe. Mpira ulishika kasi baadaye, Ulaya na Marekani zilipoanza kuhitaji matairi ya baiskeli na kisha ya magari. Kila kijiji kikapangiwa kiasi cha utomvu wa mimea ya porini ya jamii ya mbungo, na wanaume wakakaa msituni siku nyingi wakiutafuta huku wake zao wameshikwa rehani. Askari wa Force Publique, jeshi la Leopold, walitakiwa kuonyesha kila risasi imekwenda wapi, na ushahidi ukawa mkono wa kulia wa maiti. Risasi ikitumika kuwinda, au ikipotea, mkono ulitafutwa kwa mtu aliye hai.

Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimpiga picha baba aitwaye Nsala amekaa barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vimewekwa mbele yake sakafuni. Picha ile ilizungushwa kwenye mikutano mingi na kufanya kazi ambayo hakuna riwaya iliyoifanya. Kwa hiyo Conrad hakuficha mikono, hakuwapo. Alichokiona ni ujenzi wa reli ya Matadi: watu wamefungwa mnyororo shingoni, wengine wametupwa kivulini wafe. Hicho amekiandika, na amekiandika vizuri.

Achebe alishasema Conrad ni mbaguzi wa rangi. Kwa nini bado tunapotezewa muda na kitabu hiki? (Msomaji, Arusha)

Ndugu yangu, umeisoma hotuba ya Achebe, au umeisikia? Nauliza kwa sababu barua za namna hii zote zina sentensi ileile moja, na hakuna hata moja iliyotaja ukurasa. Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alitoa hotuba ile Februari 1975 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na alikuwa amekisoma kitabu kwa makini kuliko wengi waliokisifu. Hoja yake ni kwamba Afrika imegeuzwa pazia la nyuma ya jukwaa ambapo Mzungu mmoja anarukwa na akili, na kwamba Waafrika wamenyimwa lugha.

Mimi nakubaliana naye, na ushahidi uko wazi kwa anayefungua kitabu. Mtu mweusi anapewa maneno yanayoeleweka mara mbili tu za kukumbukwa. Mara ya kwanza ni kuomba adui atekwe ili aliwe. Mara ya pili ni kutangaza, kwa Kiingereza cha kuvunjika, kwamba Kurtz amekufa. Kwingine kote ni mayowe, ngoma na macho gizani. Mshika usukani anachomwa mkuki, damu yake inajaa kwenye viatu vya Marlow, anakufa akimkodolea macho, na jina lake hatulijui. Marlow anakiri kwamba anamkumbuka, na hata hivyo jina hatoi.

Sasa shika na upande wa pili. Mabaharia weusi wa stima ile wanalipwa kila wiki vipande vitatu vya waya wa shaba, kila kimoja kama inchi 9, eti wakanunulie chakula vijijini. Vijiji vimehamwa au vina uhasama, au stima haisimami kwa sababu meneja hataki. Nyama yao ya kiboko imeoza na imetupwa mtoni. Kwa hiyo wanashinda njaa wakiwa na mshahara mkononi, na kampuni inalipa kwa uaminifu kila wiki! Sijaona mahali palipoelezwa wizi wa jasho la watu kwa maneno machache kuliko hapo. Conrad aliuona wizi. Waliokuwa wakiibiwa hakuwaona sawasawa. Mambo hayo mawili yamo katika kurasa zilezile, na kazi ya msomaji ni kuyashika yote mawili. Anayekataa kukisoma kwa sababu ya Achebe hamheshimu Achebe, aliyekisoma.

Mimi ni mtu wa Kisangani, nakaa Kampala. Kituo cha Kurtz si ndipo kwetu? Mbona Waswahili hawamo? (Msomaji, Kampala)

Ahsante, hili ndilo swali nililolisubiri. Safari ya Conrad iliishia Stanley Falls, tarehe 1 Septemba 1890, na hapo ndipo Kisangani yenu ya leo. Kwa kufuata safari yenyewe, kituo cha Kurtz ni hapo. Sasa linganisha. Katika riwaya ni mwisho wa dunia, hakuna biashara ya maana wala mji, msitu tu na watu wanaoabudu. Stanley Falls halisi ilikuwa njia panda. Wavuvi wa Kigenya walikuwa wakitega migono yao mikubwa kwenye maporomoko, kwenye majukwaa ya magogo yaliyosimikwa ndani ya maji, kama wanavyofanya mpaka leo. Misafara ilitoka pwani kupitia Tabora, Ujiji, Nyangwe na Kasongo. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko. Na kuanzia 1887 liwali wa mahali pale, kwa mkataba na Leopold na kwa mshahara wa kila mwezi, alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip wa Zanzibar. Conrad alipofika, yeye alikuwa ameshaondoka, amemwachia jamaa yake Rashid.

Yote hayo yamefutwa. Watu wa Zanzibar wanapita mara moja tu, kwenye njia ya wapagazi kati ya Matadi na Kinshasa: askari wembamba wanamsindikiza Mzungu mlevi anayedai kazi yake ni kutunza barabara. Maili tatu mbele Marlow anajikwaa kwenye maiti ya mtu mweusi yenye tundu la risasi kipajini, na hayo ndiyo matunzo ya barabara aliyoyaona.

Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Andiko hilo lilichapishwa Berlin na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Mna vita, bei za pembe, majina ya machifu, mapatano na mpelelezi Stanley. Msomaji wa Kiswahili anayeridhika na mto usio na jina amejinyima mwenyewe. Ila nawaonya na upande huo pia: napata barua zinazomfanya Tippu Tip shujaa kwa kuwa ni wa kwetu. Mali yake ilitokana na pembe na watumwa, na vijiji vya Manyema vilichomwa kwa ajili yake. Leopold alipopigana na Waarabu mwaka 1892 hadi 1894 kwa jina la kukomesha utumwa, alibadilisha mwenye kijiti tu. Msiwasamehe wote wawili.

Na yupo wa tatu. George Washington Williams, Mmarekani mweusi, askari wa zamani na mwanahistoria, alikaa Stanley Falls na tarehe 18 Julai 1890, wiki sita kabla ya Conrad kufika, akamwandikia Leopold barua ya wazi. Ina mashtaka 12. Anaeleza jinsi mawakala walivyoficha nyaya za umeme chini ya koti ili chifu akishikwa mkono atikisike na kuamini Mzungu anaweza kung'oa miti, kisha aweke alama kwenye mkataba wa kutoa ardhi yake. Williams alisikiliza Wakongo na kuandika walichosema. Alifariki mwaka uliofuata huko Blackpool, na wanaomjua ni wachache. Wawili hao walipita mahali pamoja msimu mmoja, na shule zetu zimemchukua mmoja.

Apocalypse Now inaweza kunisaidia badala ya kitabu? (Mwanafunzi, Mombasa)

Hapana. Ni filamu ya 1979 iliyoihamishia hadithi hii kwenye vita vya Vietnam.

Conrad alifanya nini kuwasaidia Wakongo baadaye? (Msomaji, Bukoba)

Kidogo. Matadi mwaka 1890 alikaa chumba kimoja na Roger Casement, ambaye 1903 alizunguka Kongo kama konseli wa Uingereza, na ripoti yake ya 1904 ikamtikisa Leopold. Casement alimwomba Conrad aingie kwenye kampeni. Conrad akampa barua ya kuunga mkono, kisha akajitoa akisema yeye ni mtunzi wa hadithi tu. Casement aliponyongwa 1916 kwa uhaini, baada ya kuwatetea Waairishi, Conrad alikuwa amekataa kutia saini ombi la kumsamehe.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Nianzie wapi kukifundisha? (Mwalimu, Songea)

Anza na ramani, mwalimu mwenzangu, si na wasifu wa mwandishi. Wanafunzi waweke alama Boma, Matadi, Kinshasa na Kisangani. Kisha wape barua ya Williams kabla ya riwaya, wasikie mashtaka kwanza. Riwaya isomeni kwa sauti darasani, sehemu tatu kama ilivyotoka jaridani mwaka 1899. Achebe aje baada ya hapo, wakiwa na kitabu mkononi cha kumpimia. Mkibakiwa na muda, someni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, ambamo msafara unatoka pwani kwenda bara na wanaosafiri wana majina, madeni na ugomvi wao. Wiki nne zinatosha.