Mtoto wa akondroplasia anakata pumzi usiku, usisubiri mafua yaishe

Dada pole, na hongera kwa mtoto. Umesema ana miezi minne, ana akondroplasia (ile hali ya kuzaliwa nayo ya ufupi, mifupa hairefuki kama kawaida), usiku anakoroma halafu kuna muda anakata pumzi kabisa, na bibi yake anasema ni mafua yatapita. Mimi wangu ana hali hiyohiyo na saa hizi yuko shule, kwa hiyo nakuomba sana, usiyaite mafua mpaka daktari aseme.

Hawa watoto uso wa katikati ni mdogo na njia ya hewa nyembamba, nyama za puani zikivimba kidogo tu anakoroma, hiyo ndo unayoisikia. Ila inayonitisha mimi ni ile isiyo na kelele. Kile kitundu cha chini ya fuvu unapopita uti wa mgongo kwao kinakuwa kidogo, kikibana pale panapoendesha kupumua basi mtoto anatulia tu, kifua hakipandi.

Leo usiku akilala mfungue nguo kifuani, acha taa, mrekodi na simu. Wangu ulikuwa unaona kabisa chini ya mbavu panabonyea kila akivuta, halafu kimya, halafu anashtuka kama aliyekabwa, na daktari alivyoiona ile video hakuniuliza mengi. Omba kipimo cha usingizi, kama hawana basi wamfunge ile mashine ya kupima oksijeni usiku kucha, na ulizia MRI, yaani picha ya ndani, ya fuvu na shingo. Kama uko Dar, wapasuaji wa ubongo wapo MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Wangu walimpanua kile kitundu na kupumua kwake usiku kukabadilika kabisa.

Mbeleko weka pembeni kwanza, kichwa kizito na shingo haijakaza. Usimkalishe na mito eti ajifunze kukaa, na kwenye kiti cha gari angalia kidevu kisiangukie kifuani. Alale chali, godoro gumu.

Midomo ikiwa ya bluu, akilegea ghafla au miguu ikianza kukakamaa, usingoje asubuhi.

Na wanaokuuliza ulikula nini ukiwa mjamzito waambie karibu 80% ya watoto hawa wazazi wao wana urefu wa kawaida, ni jeni ya FGFR3 imebadilika yenyewe tu, hukufanya kitu.