Karani wa manispaa kufundisha kanuni za vikao
Je, karani wa manispaa nchini Marekani ni lazima awe mwanasheria ili awafundishe madiwani kanuni za kuendesha vikao? Hapana, halazimiki, kwa kuwa kazi hiyo haidhibitiwi kwa leseni kama ulivyo uwakili. Kinachompa sifa mbele ya halmashauri nyingine ni cheti: National Association of Parliamentarians, chama cha wataalamu wa kanuni za vikao kilichoanzishwa mwaka 1930, hutoa mitihani juu ya Robert's Rules of Order, kitabu cha kanuni za kuendesha vikao kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1876 na ambacho toleo lake la 12 ni la mwaka 2020. Karani ndiye anayeandaa ajenda, kuandika kumbukumbu na kumkumbusha mwenyekiti utaratibu pale marekebisho ya hoja yanapozua mkanganyiko, na kwa maoni yangu uzoefu huo una thamani kubwa kuliko cheti chenyewe. Ila awaeleze madiwani mapema kwamba sheria ya jimbo, hasa ile ya mikutano ya wazi inayotaka vikao vya umma vifanyike hadharani, iko juu ya kitabu chochote cha kanuni, na kwamba kuitafsiri ni kazi ya mwanasheria wa mji.