Kupandisha miunganisho hadi 1000 hakuongezi kasi

Dada, umeuliza kama ukipandisha kikomo cha miunganisho (idadi ya kompyuta unazounganishwa nazo kwa pamoja) kwenye qBittorrent, programu ya kupakua torenti, hadi 1000, faili la Ubuntu, ule mfumo endeshi wa kompyuta, litashuka haraka hapo hosteli Kikoni. Hapana, na huenda ukaharibu zaidi. Na ule ushauri mwingine ulioutaja, wa kuhariri tcpip.sys, faili la Windows linalosimamia mtandao, ni wa enzi za Windows XP. Mwaka 2004, Service Pack 2, sasisho la XP, iliruhusu majaribio 10 tu ya kuunganisha yasiyokamilika kwa wakati mmoja, ndiyo maana watu walilichokonoa. Windows 7 na zilizofuata hazina kikomo hicho. Faili la namna hiyo la kuokota mtandaoni ni mlango wa virusi, achana nalo.

Piga hesabu kwanza: laini ya Mbps 4 (megabiti 4 kwa sekunde) inatoa KB (kilobaiti) 500 kwa sekunde, maana biti 8 ni baiti moja, basi. Ukiona 450 umeshafika.

Mara nyingi kinachobana ni upande wa kupakia, yaani data unayowatumia wengine. Torenti ikipakia bila kikomo, vijumbe vya kuthibitisha kwamba data imepokelewa vinakwama kwenye foleni, na kupakua kunazorota. Pima kasi yako ya kupakia, kisha weka kikomo kwenye asilimia 80 hivi. Miunganisho iache 200 kwa jumla, hata 100 kama ruta ni ile ndogo ya laini ya simu. Ikizidiwa, wenzako chumbani hata WhatsApp haiwafungukii, na lawama zote ni zako. Yamenikuta.