Kiroba cha magome, jani hakuna

Juzi vijana wawili wa mwaka wa tatu wameingia maabara na kiroba cha magome kutoka Chamwino, Dodoma, wapime kama yanazuia bakteria. Mti gani? "Mgunga, dada." Mgunga upi? Wakatazamana. Nikaomba jani, ua, tunda, hata mwiba mmoja. Hakuna. Nikacheka, kisha roho ikaniuma, maana kiroba hicho nilishakibeba mimi. Wadogo zangu, someni haya kabla hamjawasha rotavepa, ile mashine ya kuvukiza kiyeyusho.

1. Mti kwanza, bakteria baadaye. Mimi nilienda mwezi wa kumi, miti yote imepukutika. Mzee mwenyeji akanionyesha mmoja, "Huu ndio wetu wa vidonda, mjukuu wangu." Nikachuna kilo 3, nikapanda basi nikijiona mtafiti. Nikakausha kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye ethanoli. Nikatia dawa kwenye diski ya karatasi, nikaiweka juu ya Staphylococcus aureus, bakteria wa vidonda, na duara ambamo hawakuota likasoma milimita 19! Nilipima mara tatu, nikampigia mama simu.

Unga ukaisha. Nikarudi mwezi wa pili, mvua imenyesha, pori lote kijani, mzee kasafiri. Mwanawe akanipeleka kwenye "mgunga uleule". Safari hii milimita 7, na diski yenyewe ni 6. Nikalaumu agari, ule mgando wa kuoteshea bakteria, nikalaumu bakteria, nikalaumu umeme. Wiki sita narudia. Mwisho nikapeleka magome kwa mtaalamu wa mimea. Akayageuzageuza, akaniuliza, "Sasa hizi kuni nikusaidieje?" Mgunga, akasema, ni jina la ukoo mzima: kuna Vachellia tortilis, kuna nilotica, kuna wengine kibao. Mzee aliporudi nikamfuata anionyeshe tena ule wa kwanza. Tulikuta kisiki, na pembeni jivu la tanuri la mkaa. Tasnifu yangu imeandikwa kwa ule wa milimita 7.

Kwa hiyo kitawi chenye jani na ua au tunda, kibanwe kwenye magazeti, tarehe na mahali viandikwe hapohapo porini. Na usichune gome kuzunguka shina lote, utaua mti wa watu.

2. Kontroli ya kiyeyusho, yaani diski yenye kiyeyusho kitupu, kila petri (kisahani cha kuoteshea). Bila hiyo huenda unapima kiyeyusho chenyewe, kama DMSO, si gome.

3. Maji ya bakteria yalingane kwa ukungu na McFarland 0.5, kipimo cha wingi wao, na ukishayalinganisha usizidishe dakika 15 kabla ya kupaka.

4. Duara dogo si msiba. Tanini za magome hutambaa kwa shida kwenye agari, kwa hiyo nenda kapime MIC, kiwango kidogo kabisa cha dawa kinachozuia bakteria kuota, kwenye sahani ya visima 96.

5. Umeme ukikatika usiku, kabati la joto la kuoteshea bakteria likazima, andika kwenye daftari saa ulizokosa. Kuna mmoja alifunika petri zake kwa sweta, asubuhi ananiambia "zilikuwa na joto tu, dada." Nilimgombeza mpaka akanywea, halafu nikamnunulia chai, maana sweta lilikuwa moja na Dodoma ya mwezi wa saba mnaijua.

Kiroba bado kiko chini ya meza yangu. Jumamosi alfajiri tunarudi Chamwino sisi watatu. Leteni magazeti ya kutosha na mkasi wa matawi, chapati nabeba mimi.